Raga ya Wachezaji 13 na Mlango wa Shule

Vijana mlioko shuleni, raga tuliyofundishwa sisi ni ya wachezaji 15. Ile ya 13 ina kisa chake. Tarehe 29 Agosti 1895, mjini Huddersfield, Uingereza, klabu za kaskazini zilijitenga, zikitaka wachimba makaa na watu wa viwandani wafidiwe ujira walioupoteza kwa kwenda kucheza. (Kupunguzwa hadi 13 kulikuja 1906.) Shule kubwa hazikuwafuata. Mtoto wa mchimba makaa aliyefaulu kuingia sekondari mara nyingi aliuacha mchezo wa babake mlangoni. Australia haikuwa hivyo: tangu 1920 sekondari za New South Wales zinagombea Ngao ya Chuo Kikuu. Nguvu za Waaustralia, naona mimi, zilianzia hapo.