Ulimi wa Nguruwe na Picha ya Ubongo: Utafiti wa Tegu la Nguruwe na Kifafa katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 katika nyanda za Mbulu, na kwa miongo mingi imepokea wagonjwa kutoka Mbulu, Hanang na wilaya jirani. Miongoni mwao wapo watu wenye kifafa, ambao mara nyingi hufika wakiwa na majeraha ya moto, kwa kuwa kifafa humwangusha mtu popote alipo, na katika nyumba ya kijijini jiko la mafiga matatu huwa karibu. Kilichochelewa kujulikana ni chanzo cha kifafa hicho.

Jibu lilianza kupatikana kwa mifugo kabla ya binadamu. Mwaka 2004 Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzake, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu. Njia yao ilikuwa ileile ya wachuuzi wa nguruwe: mnyama hushikwa, kinywa hupanuliwa kwa kijiti, ulimi huvutwa na kupapaswa kwa vidole ili kuhisi vifuko vya tegu. Asilimia 17.4 ya nguruwe hao walikutwa navyo. Kwa kuwa njia hiyo huwaacha wengi wenye maambukizi machache, ni halali kuichukulia namba hiyo kuwa kiwango cha chini.

Hapa inafaa kufafanua jambo linalochanganywa mara kwa mara, hata katika maandishi ya kitaalamu. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko bila kuiva hupata tegu la utumbo, wala si kifafa. Vifuko vya ubongoni humpata mtu anayemeza mayai ya tegu, yanayotoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Kwa hiyo asiyeonja nyama hiyo maishani mwake, kwa sababu ya dini au mazoea, anaweza kuugua kwa mkono usionawa wa jirani yake. Kulitaja tatizo hili kama “ugonjwa wa wala nguruwe” ni kosa la kisayansi, na pia huwaficha wagonjwa wasiotarajiwa.

Ushahidi kwa binadamu ulihitaji picha. Mashine ya CT, iliyotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971, huonyesha kifuko kilicho hai kama tundu jeusi lenye nukta, na kilichokufa kama chembe nyeupe ya chokaa. Mwaka 2009 Andrea Winkler na wenzake walichapisha uchunguzi wa picha za wagonjwa wa kifafa wapatao 200 wa Haydom, wakiwalinganisha na watu wasio na kifafa. Zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila sita alikuwa na dalili za vifuko. Miongoni mwa wasio na kifafa dalili hizo zilikuwa nadra mno. Kifafa kilichohusishwa na laana au urithi wa ukoo kikawa, kwa sehemu hiyo, ugonjwa unaozuilika.

Kuzuia, hata hivyo, kuna historia yake. Katika jaribio la elimu ya afya lililofanyika Mbulu katika vijiji 42, na kuchapishwa mwaka 2008, ulaji wa nyama yenye vifuko ulipungua, na maambukizi mapya ya nguruwe yakashuka kwa zaidi ya theluthi moja. Mabadiliko katika vyoo na mabanda yalibaki madogo. Tafsiri ya haraka ingesema wanakijiji hawakuelewa. Tafsiri hiyo haitoshi: kuikataa nyama hakuhitaji saruji wala mbao, bali kumfungia nguruwe bandani kunamlazimu mfugaji kumtafutia chakula kila siku.

Matibabu nayo yana hatari zake. Prazikwanteli, dawa inayogawiwa shuleni dhidi ya kichocho, huua pia vifuko vya ubongoni; kifuko kinapokufa, ubongo huvimba, na degedege linaweza kumpata mtoto ambaye hakuwahi kuanguka. Ndiyo sababu matibabu ya vifuko vya ubongo huambatanishwa na steroidi, chini ya uangalizi wa daktari na baada ya picha. Mgawaji dawa shuleni hana picha hiyo.