Tarehe ya Oscar Micheaux, Mchuuzi wa Picha

Oscar Micheaux alijifunza kuuza kabla hajajifunza kuongoza filamu, na biashara haikumtoka mpaka anakufa. Wanaomsoma kama msanii tu hushangaa kwa nini picha zake zina makosa mengi. Wanaomsoma kama mfanyabiashara hushangaa kwamba zilipatikana hata hizo.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 karibu na mji wa Metropolis, kusini mwa Illinois, pale Mto Ohio unapotenganisha jimbo hilo na Kentucky. Ng'ambo ya mto ndiko baba yake alikozaliwa mtumwa. Ukoo wao uliandikwa Michaux. Herufi ya ziada aliitia mwenyewe ukubwani. Alipofika miaka 17 alikwenda Chicago, akafanya kazi machinjioni na kwenye viwanda vya chuma, akang'arisha viatu vya watu, kisha akaajiriwa mhudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Wahudumu hao walikuwa weusi, na abiria waliwaita wote George, jina la mwanzilishi wa kampuni. Mshahara ulikuwa mdogo, bakshishi ndiyo iliyowaweka mjini. Lakini kazi hiyo ilimtembeza Marekani karibu nzima bila nauli, ikamfundisha namna ya kuzungumza na mtu mwenye pesa hadi mkono uingie mfukoni.

Akiba yake aliipeleka kwenye ardhi. Mwaka 1905 alikuwa ameshapata shamba katika wilaya ya Gregory, Dakota Kusini, kwenye ardhi ya wenyeji wa Rosebud ambayo serikali ilikuwa imeifungua kwa walowezi. Mtoto wa mtumwa akajipatia kiwanja kilichotoka mikononi mwa watu wengine walioonewa. Vitabu vyake havionekani kusumbuliwa sana na jambo hilo. Majirani zake karibu wote walikuwa Wazungu. Alilima, akaongeza ekari, na mwaka 1910 akamwoa Orlean McCracken, binti wa mchungaji wa Chicago. Ndoa haikudumu. Mke alirudi kwao na baba yake, ukame ukaja, shamba likapotea.

Masaibu hayo ndiyo yaliyokuwa mtaji wake. Mwaka 1913 alichapisha The Conquest, riwaya ambayo ni maisha yake mwenyewe yaliyobadilishwa majina, akaitoa kwa heshima ya Booker T. Washington, kiongozi wa weusi. Hakungoja wauza vitabu. Alikuwa machinga hasa: anabisha hodi kwa wakulima, anatoa kitabu, anaeleza habari zake, anauza. Mwaka 1917 akaisimulia upya hadithi ileile katika The Homesteader, na safari hii mkwe mchungaji akawa mwovu waziwazi.

Riwaya hiyo iliwafikia ndugu George na Noble Johnson, wenye Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya filamu ya watu weusi. Walitaka kuigeuza picha. Micheaux naye alitaka aongoze mwenyewe, ilhali hajawahi kushika kamera. Mazungumzo yakavunjika. Akaanzisha kampuni yake, akarudi kwa wakulima walewale waliomnunulia vitabu, pande za Sioux City, Iowa, akawauzia hisa za dola 75 hadi 100. Kwa hiyo filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Mmarekani mweusi iligharimiwa kwa sehemu kubwa na wakulima Wazungu. The Homesteader ilioneshwa Chicago Februari 1919. Wachungaji walilalamika kwamba inawadhalilisha, naye akayatumia malalamiko kama tangazo.

Majira ya joto ya mwaka huohuo Chicago iliwaka. Ghasia za rangi ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Miaka minne nyuma D. W. Griffith alikuwa ametoa The Birth of a Nation, filamu inayowafanya Ku Klux Klan kuwa mashujaa. Katika hali hiyo Micheaux aliipeleka Within Our Gates kwenye bodi ya ukaguzi ya Chicago. Bodi iliogopa kwamba itachochea ghasia nyingine. Ilipooneshwa Januari 1920 vipande kadhaa vilikuwa vimekatwa, na kwingineko wenye kumbi waliikataa kabisa.

Ukiitazama unaelewa hofu yao. Mkulima mweusi, Jasper Landry, anakwenda kwa kabaila wake na hesabu zilizoandikwa na bintiye aliyesoma, ili kwa mara ya kwanza asidhulumiwe. Kabaila anapigwa risasi na mkulima Mzungu kupitia dirishani, lawama zinamwangukia Landry. Hapo Micheaux anakata picha huku na huku: upande mmoja kundi la watu, wanawake na watoto wakiwemo, linawanyonga Landry na mkewe na kuwasha moto, upande mwingine Mzungu mzee anamshambulia binti yao wa kulea, Sylvia, anayechezwa na Evelyn Preer. Mzee anapomrarulia nguo anaona kovu kifuani, na kwa kovu hilo anatambua kuwa huyu ni mwanawe wa kumzaa. Griffith alikuwa amewafundisha watazamaji kumwogopa mwanamume mweusi anayemfukuza msichana mweupe. Micheaux aliichukua mbinu ileile ya ukataji akawaonesha nani hasa aliyekuwa akimwinda nani.

Mimi hata hivyo nakumbuka zaidi wahusika wake wadogo. Yupo Efrem, mtumishi mbea aliyemchongea Landry na kujidai rafiki wa Wazungu. Kundi linapochoka kumtafuta Landry, linamnyonga yeye. Yupo pia mhubiri Ned, anayewachekesha Wazungu kwa kuwaambia kwamba weusi hawana haja ya kura wala mali. Wanampiga teke la matakoni, naye anacheka nao. Anatoka, anafunga mlango, na uso unamwanguka. Anajua ameiuza haki yake.

Soko lake lilikuwa kumbi za mitaa ya weusi, pamoja na zile za Wazungu Kusini zilizowafungulia weusi usiku wa manane peke yao. Alisafiri na picha za mnato za waigizaji ambao hata hawajaanza kazi, akimwonesha mwenye ukumbi na kuomba malipo ya mwanzo ya filamu ambayo bado haipo. Pesa hizo ndizo zilizoipiga filamu. Alipiga picha majumbani mwa marafiki na mara nyingi hakurudia tukio hata mwigizaji akikosea, kwa kuwa mkanda ni pesa. Mwigizaji wake Lorenzo Tucker alimtangaza kama Valentino mweusi, kwa jina la nyota wa Hollywood. Wakaguzi walipomkatalia, wakati mwingine alionesha bila kibali.

Mwaka 1925 mwigizaji Paul Robeson alianza sinema katika Body and Soul, akicheza wawili: mhubiri tapeli, yule mkwe aliyerudi kwa kanzu nyingine, na ndugu yake mwema. Wakaguzi wa New York waliikataa, Micheaux akaipunguza na kuimalizia kwa kusema kwamba yote ilikuwa ndoto. Mwisho huo hauaminiki, lakini Robeson hasahauliki. Ni huyu Robeson aliyecheza baadaye, mwaka 1935, katika Sanders of the River, filamu ya Uingereza ambamo Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi London, alikuwa mmoja wa waigizaji wa ziada.

Mwaka 1928 Micheaux alifilisika. Sauti ilipoingia kwenye sinema gharama zikapanda, na The Exile ya 1931, filamu ndefu ya kwanza yenye sauti kuongozwa na mtu mweusi, ilitengenezwa kwa pesa za wenye kumbi wa Harlem. Ilikuwa hadithi ya The Conquest tena. Sauti haikumfaa: waigizaji wanasimama wakisoma maneno kama barua ya serikali. Mazoea ya kuwapa waigizaji weusi wenye ngozi nyeupe kidogo nafasi za heshima nayo yalimwandama, na mwaka 1938 God's Step Children ilizua maandamano New York hadi ikaondolewa ukumbini. Waandamanaji walikuwa na hoja.

Akarudi kwenye riwaya na kuzitembeza, akisaidiwa na mke wake wa pili, mwigizaji Alice B. Russell, aliyemwoa mwaka 1926. Mwaka 1948 alitoa The Betrayal, ya zaidi ya saa tatu, ikihusu shamba la Dakota kwa mara nyingine. Wahakiki waliiponda. Alifariki tarehe 25 Machi 1951 mjini Charlotte, North Carolina, akiwa kwenye safari ya kikazi, akazikwa Great Bend, Kansas.

Alitengeneza filamu zaidi ya 40. Zilizobaki ni takriban 15. Within Our Gates ilipatikana Madrid ikiitwa La Negra, na ilipokarabatiwa mwaka 1993 ilibidi maandishi yake yatafsiriwe kutoka Kihispania kurudi Kiingereza. The Symbol of the Unconquered ilitoka Ubelgiji. The Homesteader na The Betrayal, ya kwanza na ya mwisho, hazijapatikana. Anayetaka habari za shamba la Gregory kama Micheaux alivyozisimulia mwanzoni itabidi asome The Conquest.