Ushanga Mwekundu: Je, Wazee Wetu Walidanganywa?

Mara nyingi tumesikia vijana wakisema kwamba wazee wetu walikuwa wajinga, wakauza pembe za ndovu kwa vipande vya chupa. Wasomaji wapenzi, tulichunguze neno hilo, maana ni hukumu nzito juu ya marehemu wetu.

Kioo kimeigiza vito tangu kale sana. Kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki yapata mwaka 1323 kabla ya Kristu, kina mistari ya kioo cha buluu kichwani, mfano wa jiwe la thamani liitwalo lapisi lazuli. Je, mfalme huyo alikosa mali? Hata! Kioo kilikuwa kitu cha heshima.

Huku kwetu, ushanga uliosifiwa sana katika misafara ya karne ya 19 ni samisami, kazi ya mafundi wa Venisi: ndani mweupe, juu mwekundu kama marijani. Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwamba uliitwa pia kwa majina ya utani, maana yake "mmaliza chakula" na "mvunja miji", kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Waume watatuelewa.

Lakini msidhani kila ushanga ulipokelewa. Rangi iliyotakiwa nchi hii ilikataliwa nchi ya pili, na msafiri aliyechagua vibaya alikosa chakula huku wapagazi wake wamejitwika mizigo ya ushanga. Mjinga hachagui hivyo. Sokoni Ujiji fedha ilikuwa sofi, ushanga mfano wa vipande vya mrija wa kiko. Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, aliona watu wenye mifuko ya sofi: soko likianza waliwabadilishia wanunuzi, soko likiisha walizipokea tena kwa wauzaji, wakipata faida mara mbili. Mtu wa Goma hana haja ya kuelezwa zaidi. Wabadili fedha anawajua.

Tena kando ya ziwa letu la Kivu watu walikuwa na fedha yao, butega, yaani bangili za nyuzi za mimea zilizosukwa na Watembo. Hizo hazikuigiza kito chochote.

Basi, ubaya wa ushanga haukuwa katika kioo chake. Pamoja na nguo na nyaya za shaba, ushanga ulinunua pembe, ukanunua na watu. Waliokamatwa Manyema walipitishwa Ujiji kwenda pwani, kwa njia ile ile iliyoleta samisami.