Kipimo cha Kawaida: Kawaida ya Nani?

Anayetaka kupangwa meno hupigwa kwanza eksirei ya kichwa kwa upande. Daktari huweka alama kwenye mifupa ya uso na kupima pembe zilizo kati ya alama hizo. Taaluma hii, sefalometria, ilipata kifaa chake mwaka 1931, Broadbent wa Marekani na Hofrath wa Ujerumani walipobuni, kila mmoja kwake, namna ya kukituliza kichwa ili picha ziweze kulinganishwa. Tarakimu za mgonjwa husomwa kando ya nyingine ambazo ni rahisi kuziita "vipimo vya kawaida", na jina hilo ndilo ninalolipinga. "Kawaida" tuliitoa katika Kiarabu, ambako asili yake ni misingi na kanuni. Neno la Kilatini norma, lililozaa istilahi ya Kiingereza "norm", lilikuwa skwea ya seremala. Yote mawili yanahukumu: ubao usiokubaliana na skwea umekatwa vibaya, na uso "usio wa kawaida", masikioni mwa Mswahili, una kasoro.

Tarakimu zenyewe hazikuzaliwa kanuni. Mtaalamu wa sefalometria Downs, mwaka 1948, alijenga uchanganuzi wake juu ya vijana 20 tu, Wazungu wenye meno yaliyopangika vizuri. Mwenzake Steiner akafuata mwaka 1953 na pembe zinazotajwa hadi leo: nyuzi 82 kwa taya la juu, 80 kwa la chini, na tofauti ya 2. Baadaye watoto wa Kikuyu nchini Kenya nao walipimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1989. Tafiti za watu wenye asili ya Afrika zimeonyesha mara kwa mara kwamba meno yao ya mbele huelekea nje zaidi, na pembe kati ya ya juu na ya chini ni finyu kuliko ya Wazungu. Basi mtoto wa Nyeri anayeuma vizuri, akisomwa kwa tarakimu za Steiner, anaweza kuhesabiwa mgonjwa na kung'olewa meno manne mazima yaliyo nyuma ya chonge. Hayo hayaoti tena. Jinsia nayo ina lake: kwa wastani mifupa ya wanaume ni mirefu zaidi, ingawa pembe hutofautiana kidogo, na wasichana hutangulia kurefuka kwa takriban miaka 2.

Napendekeza "wastani wa rejea", usiotajwa peke yake bali pamoja na watu waliopimwa, umri wao na jinsia yao. Atakayesema kwamba kutenga vipimo kwa makabila kunafufua ule upimaji wa mafuvu uliotumiwa kuwapanga watu kwa madaraja, ana hofu ya haki. Ila kulitaja kundi ni kukiri tarakimu ilikotoka. Kulificha ndiko kulikowafanya vijana 20 kuwa mizani ya dunia. Tena wastani huja na mtawanyiko wake, kwa kuwa ndani ya kila jamii nyuso hupishana sana. Mtoto wa Mombasa mwenye wazazi wa asili mbili hana jedwali lake, na hapo daktari hurudi kwenye yanayoonekana: namna anavyouma, midomo inavyofumba, na anachokitaka mwenyewe. Watunga kamusi na walimu wa tiba ya meno, liacheni jina la "kipimo cha kawaida" kabla halijakita mizizi vitabuni.