Wanafunzi waliokuwa na gazeti lao Unguja

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumzie skuli.

Jioni pale Forodhani hukosi kukuta vijana wakibishana kuhusu magazeti. Lakini wangapi wanajua kuwa moja kati ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili lilitoka hapa hapa Unguja, tena mikononi mwa wanafunzi?

Ukipita Mnazi Mmoja ukaelekea kusini, unafika Kiungani. Huko wamisionari wa UMCA walikuwa na skuli ya wavulana. Wengi wao walikuwa watoto waliotekwa bara wakauzwa utumwani, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza. Misheni ilianza hapa Unguja mwaka 1864 na watoto watano tu, waliotolewa na Sayyid Majid. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, akaweka mtambo wa kupigia chapa, na vijana wakafundishwa kupanga herufi.

Mwalimu wao mmoja wa Kiingereza, A. C. Madan, ndiye aliyetoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894. Kabla ya hapo aliwataka wavulana waandike habari zao: walivyotekwa, walivyouzwa, walivyofika Unguja. Wakaandika kwa Kiswahili, yeye akafasiri, na mwaka 1887 kitabu kiitwacho Kiungani kikatoka London. Habari zilikuwa zao, lakini maneno yaliyosomwa yalikuwa ya mwalimu, na wasomaji walikuwa Uingereza.

Sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 1888 likazaliwa Msimulizi, gazeti la Kiswahili lililotengenezwa na vijana wenyewe pale skuli. Habari zilitoka kwenye vituo vya misheni huko bara, zikachapwa Kiungani, zikarudi kusomwa na watu wale wale. Kijana aliyefika Unguja hana ndugu sasa akawa na watu wanaosubiri kusikia kutoka kwake.

Sisemi walikuwa huru kuandika kila kitu. Gazeti lilikuwa la misheni, na misheni ilikuwa na mambo yake. Lakini ufundi waliupata. Na hawakuwa peke yao: enzi za Wajerumani, skuli ya serikali Tanga nayo ilichapa gazeti la Kiongozi kuanzia mwaka 1904.

Nayasema haya kwa sababu leo mtoto wetu akifika sekondari anapewa Kiingereza kama mtihani wa kufaulu tu. Anajibu maswali, mwalimu anasahihisha, daftari linafungwa. Hakuna anayemsoma. Lugha gani hiyo itakaa kichwani? Mpe gazeti, hata la ukutani, aandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, jina lake liwe chini ya habari. Atakosea, wenzake watamcheka, toleo lijalo atakuwa makini. Sisi tulio kwenye vyumba vya habari ndivyo tunavyojifunza hadi leo.

Je, skuli uliyosoma wewe ilikuwa na gazeti? Nani alikuwa mhariri? Nasubiri mawazo yenu.