Pumzi baada ya kupasuliwa: yale jamaa na kanisa wanapaswa kujua kuhusu kansa ya ovari



Mama anapotoka kupasuliwa kwa sababu ya kansa ya ovari, sisi tunaosubiri nje tunauliza swali moja: je, wameitoa yote? Ni swali la haki. Lakini katika siku za kwanza wauguzi wana swali lingine linalowanyima usingizi: anapumua namna gani? Wamama wengi wanaovuka salama saa za upasuaji wanaweza kupatwa na shida ya pumzi siku ya pili, ya tano, au hata wiki ya tatu wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani. Sehemu kubwa ya shida hizo inaweza kuzuiliwa, na kazi ya kuzizuia haifanywi na daktari peke yake. Katika hospitali zetu za mashariki, ni jamaa wanaokaa na mgonjwa usiku na mchana. Ndiyo maana makala hii imeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya wachungaji, mashemasi na idara za wamama wanaokwenda kutazama wagonjwa. Haichukui nafasi ya daktari. Inasaidia kumwelewa na kumwita kwa wakati.

Kansa hii na upasuaji wake

Ovari ni vifuko viwili vidogo vya mayai, vilivyo pande mbili za tumbo la uzazi. Kansa yake hukua kimya. Tumbo linajaa, chakula kidogo kinashibisha, mama anakwenda haja ndogo mara kwa mara, na watu wanasema ni minyoo, ni uzee, au kwamba amelishwa sumu. Kwa hiyo wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea ndani ya tumbo na maji yamejaa. Mara nyingine maji hayo yanafika hata kifuani, kandokando ya mapafu.

Kwa sababu hiyo upasuaji wake si mdogo. Mara nyingi daktari hufungua tumbo kwa mkato mrefu kutoka chini ya kitovu hadi juu, karibu na kifua. Anaondoa ovari, tumbo la uzazi, na utando wa mafuta unaofunika matumbo kwa mbele. Kansa ikiwa imeshika sehemu nyingine, anaweza kuondoa kipande cha utumbo, au kukwangua kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha tumbo na kifua. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi.

Kwa nini tumbo likipasuliwa pumzi inasumbuka

Tunadhani kwamba tunapumua kwa kifua tu. Kumbe kazi kubwa inafanywa na kiwambo: kinashuka, mapafu yanajaa, kinapanda, hewa inatoka. Tumbo likiwa na kidonda kirefu, kila pumzi ndefu inauma. Mgonjwa anajifunza haraka kuvuta hewa kidogo kidogo tu, juu juu, na kuzuia kikohozi. Ongeza hapo dawa ya usingizi, dawa kali za maumivu zinazopunguza nguvu ya kupumua, kulala chali muda mrefu, na udhaifu wa mtu ambaye kwa miezi mingi hakula vizuri. Ndipo shida hizi zinapoingia.

*Mapafu kujikunja.* Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Dawa ya usingizi hufanya sehemu ya vifuko hivyo ifungane karibu kwa kila mtu, yaani wagonjwa kama 9 kati ya 10. Kwa wengi vinafunguka tena wanapoanza kupumua kwa nguvu na kusimama. Visipofunguka, makohozi yanabaki ndani.

*Nimonia.* Makohozi yaliyobaki yanapata vijidudu. Homa, kikohozi na pumzi ya haraka huonekana mara nyingi kuanzia siku ya pili. Nimonia inaweza pia kutoka kwa chakula au matapishi yaliyopita njia ya hewa, hasa mgonjwa akilishwa akiwa amelala.

*Maji au hewa kuzunguka pafu.* Kiwambo kikikwanguliwa, maji yanaweza kukusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua, mara nyingi upande wa kulia. Mara nyingine ni hewa. Pafu linabanwa na kukosa nafasi. Maji yakiwa mengi, daktari huyatoa kwa sindano au kwa mpira mdogo.

*Bonge la damu.* Hili ndilo linaloua kwa ghafula. Kansa yenyewe hufanya damu igande kwa urahisi, na upasuaji pamoja na kulala bila kutembea vinaongeza hatari. Damu inaganda katika mshipa wa mguu au wa nyonga, kisha kipande kinasafiri hadi mapafuni na kuziba njia.

*Maji kuingia ndani ya mapafu.* Upasuaji mkubwa unahitaji maji mengi ya mshipani na mara nyingine damu. Moyo au mafigo yakishindwa kuyabeba, mapafu yanalowa, na mgonjwa hawezi tena kulala chali.

Shida hizi zina hasara nyingine pia. Baada ya kupasuliwa, wengi wanahitaji dawa za kansa za mshipani. Mama aliyedhoofishwa na nimonia analazimika kungoja, na kansa nayo haingoji.

Kazi inaanza kabla ya kisu

Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Australia na New Zealand kwa wagonjwa 441 waliongojea upasuaji mkubwa wa sehemu ya juu ya tumbo. Nusu walipewa kijitabu tu. Nusu nyingine waliongezewa somo moja la dakika 30 kabla ya kupasuliwa: waliambiwa kwa nini mapafu huumwa, wakafundishwa namna ya kupumua na kukohoa mara tu watakapoamka. Katika kundi la kwanza, wagonjwa 27 kati ya 100 walipata shida ya mapafu. Katika kundi la somo, walikuwa 12 kati ya 100. Dakika 30 za mafundisho, bila dawa wala mashine!

Basi tusingoje. Mama akipewa tarehe ya kupasuliwa, afundishwe akiwa bado na nguvu. Akae wima, avute hewa polepole kwa pua hadi mbavu za chini zifunguke, aishike kidogo huku akihesabu hadi tatu, kisha aitoe taratibu kwa mdomo. Arudie mara kumi. Kisha ajizoeze kukohoa huku amekumbatia mto juu ya tumbo. Kama anavuta sigara aache mapema. Wiki nne kabla ya kupasuliwa zinaleta faida. Akae mbali na moshi wa mbabula. Mwingine amsaidie kupika. Akaguliwe pia wingi wa damu yake, na amweleze daktari kama ana pumu, kikohozi cha muda mrefu, au kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu.

Jamaa waulize pia mapema: oksijeni ya hospitali inatoka kwenye chupa, au kwenye mashine inayohitaji umeme? Umeme ukikatika usiku, itakuwaje? Ni afadhali swali hilo liulizwe mchana, kabla ya siku ya upasuaji.

Kando ya kitanda

Mara nyingi huruma yetu inamlaza mgonjwa. Tunamfunika, tunamwambia asijisumbue, tunakataa asiguse chini. Lakini mapafu yanahitaji kinyume chake. Daktari akisharuhusu, fanyeni hivi:

- Kichwa cha kitanda kiinuliwe. Kama kitanda hakiinuki, tumieni mito au vikwembe vilivyokunjwa mgongoni.
- Kila saa akiwa macho, avute pumzi kumi ndefu kama alivyofundishwa, kisha akohoe akiwa amekumbatia mto. Kidonda kikishikwa hivyo maumivu yanapungua.
- Asaidiwe kukaa, kusimama, kisha kutembea hatua chache, mara nyingi iwezekanavyo siku ya kwanza au ya pili. Ndugu mmoja amshike mkono, mwingine abebe mfuko wa mkojo.
- Akiwa kitandani, achezeshe nyayo juu na chini ili damu ya miguu itembee.
- Meno na ulimi visafishwe asubuhi na jioni, maana vijidudu vya mdomoni hushuka mapafuni.
- Ale na anywe akiwa amekaa tu, akiwa macho kabisa.
- Asiogope kusema kwamba anaumwa. Mgonjwa anayevumilia maumivu kimya hapumui vizuri. Dawa ya maumivu ikitolewa kwa kipimo chake, inamsaidia kukohoa.
- Tumbo lisifungwe kwa kikwembe kwa nguvu hadi ashindwe kujaza kifua. Kama daktari ameagiza mkanda, ufungwe kama alivyoonyesha.

Wageni wenye kikohozi au mafua wangoje nje. Kundi la watu kumi kuzunguka kitanda kimoja linamchosha mtu anayetafuta pumzi, maana anajilazimisha kujibu salamu.

Dalili za kumwita muuguzi mara moja

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tazameni kifua chake kikipanda na kushuka, mhesabu kwa dakika nzima. Iteni msaada bila kungoja mkiona haya:

- Anapumua mara 25 au zaidi kwa dakika, au hawezi kumaliza sentensi fupi.
- Kifua kinamchoma anapovuta hewa, au anakohoa damu.
- Ulimi, sehemu ya ndani ya midomo au kucha zimekuwa za buluu au za kijivu.
- Amechanganyikiwa, au ana usingizi mzito na anapumua chini ya mara 10 kwa dakika.
- Mguu mmoja umevimba na unauma.
- Ana homa pamoja na kikohozi.

Kile kifaa kidogo cha kidoleni kinapima oksijeni ya damu. Kwa kawaida huonyesha 95 hadi 100. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwetu namba inaweza kuwa chini kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Lakini ikishuka chini ya 90 ni jambo la dharura.

Baada ya kurudi nyumbani

Hatari ya bonge la damu haiishi mlangoni pa hospitali. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2002 juu ya watu waliopasuliwa kansa ya tumbo au nyonga ulilinganisha wiki moja na wiki nne za sindano za kuzuia damu kuganda. Baada ya wiki moja tu, watu 12 kati ya 100 walionekana na damu iliyoganda mishipani, wengi bila dalili. Baada ya wiki nne, walikuwa karibu 5. Kwa hiyo, daktari akiandika sindano za siku 28, jamaa wasizikate siku ya kumi ili kuokoa pesa. Hapo ndipo sadaka ya kanisa inapoweza kuokoa maisha: ulizeni jamaa hao sindano ngapi zimebaki, na ngapi zimelipwa.

Wengine wetu hupasuliwa Kampala, kisha hurudi Beni au Butembo kwa gari. Kukaa siku nzima miguu ikiwa imekunjwa ni hatari. Ombeni ushauri wa daktari kabla ya safari, simamisheni gari mara kwa mara mgonjwa atembee, na anywe maji. Mguu ukivimba, msiukande wala kuusugua kwa maji ya moto, mpelekeni hospitali. Na pumzi ikikatika ghafula, hata wiki ya tatu, hata usiku, safari ni ya hospitali. Chumba cha maombi kitaombea akiwa njiani.

Pumzi ni ya Mungu, na kuilinda ni kazi yetu

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba mtu alikuwa udongo tu mpaka Mungu alipompulizia pumzi. Anayemsaidia mama kuvuta hewa anashika jambo takatifu kwa mikono yake. Oksijeni haishindani na imani, na kumwita muuguzi si kukosa kumtegemea Bwana. Kumbukeni pia Eliya, alipochoka hata kutamani kufa jangwani. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwambia ainuke. Baada ya kula aliweza kutembea. Huduma ya Mungu ilifika kwake kwa njia ya chakula, mguso na neno la kumwinua.

Basi tunapomtembelea mama aliyepasuliwa, ombi letu liwe fupi, ili asichoke. Tukisema amina, tumsaidie kukaa, tuvute naye pumzi zile kumi, kisha tuulize kama sindano ya leo imepatikana.

Bwana awape nguvu wote wanaolinda wagonjwa usiku huu.