Picha ya fimbo: nani anasema ni sanaa?

Leo twende Katanga. Miaka ya 1970, katika nyumba nyingi za wafanyakazi kule Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ukutani kulikuwa picha moja: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa fimbo, mkubwa Mbelgiji amesimama anaangalia. Juu imeandikwa «Colonie belge». Mara nyingi ilichorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga.

Lubumbashi ilikuwa na chuo cha sanaa tangu 1951. Kwa jicho la chuo, picha kama hizi zilikuwa kazi ya barabarani: miili haikunyooka, Kifaransa kina makosa, na mchoraji anarudia picha ileile kila mteja anapoiomba. Anayerudia ameumba nini? Swali si baya. Lakini mwenye nyumba hakununua miili iliyonyooka. Alinunua fimbo aliyochapwa baba yake. Na wengine, chini ya Mobutu, waliiangalia fimbo hiyo wakaona ya siku zao, ingawa picha ilisema ni ya Wabelgiji. Hilo halikusemwa kwa sauti.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947. Yeye alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu, picha zaidi ya 100, akamuelezea mtafiti Johannes Fabian moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Maelezo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1996.

Picha iliyo nzito kuliko zote, kwangu mimi, ni ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao kuna misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika neno «unité», umoja. Kwa Tshibumba, Lumumba alikuwa Bwana Yesu wa inchi hii.

Sasa iweke picha hiyo Katanga. Hapo ndipo Lumumba aliuawa, na aliyeshika upande wa Tshombe alimuona kama adui. Mtu wa namna hiyo ataona matusi, tena matusi kwa Msalaba. Mtu wa serikali ataona utiifu, kwa sababu tangu 1966 Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Mjane wa vita ataona kilio chake. Kitambaa ni kimoja! Mimi ninaona ujasiri, na ninajua ninaangalia kama mtu wa habari, mwenye kupenda aliyethubutu kusema.

Ninyi mliokimbia mnajua: mtu akitoroka na watoto mgongoni, picha ya ukutani inabaki. Picha za Tshibumba alizochukua Fabian zilihifadhiwa Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.